Kufomati sio ufundi, jamani!

Najua nimepotea kidogo. Majaribio ya katikati ya muhula yalinibana, na niliwaahidi habari za kantini mpya. Hizo zitasubiri. Leo kuna jambo limenikaa kooni na nisipolitoa nitalala nalo tena.

Jambo lenyewe ni hili. Hapa chuoni, na huko mashuleni tunakopelekwa kufundisha kwa vitendo, kompyuta ikigoma kuwaka dawa ni moja tu: "Piga upya." Kama ni Windows, tunapiga window. Kama ni Linux, tunapiga Ubuntu nyingine juu ya ile ya zamani. Hakuna anayesoma kilichoandikwa kwenye kioo. Hakuna anayeuliza mashine ilikuwa inasubiri nini. Na anayefanya hivyo tunamwita fundi, tunamnunulia na soda! Mi nasema huyo bado hajawa fundi, na kibaya zaidi, sisi wanafunzi wa ualimu tunajiandaa kwenda kuzalisha wengine kama yeye.

Mnaonijua mnajua nasoma ualimu, masomo yangu ya kufundishia ni Hisabati na Kompyuta. Kwa hiyo hili halinihusu kwa mbali. Mwakani Mungu akipenda nitakuwa mbele ya darasa.

Ngoja niwape kisa. Muhula uliopita, kwenye maabara moja ya kompyuta ambayo sitaitaja, kulikuwa na mashine ya Linux yenye diski mbili. Diski ya kwanza ina mfumo na mafolda ya wanafunzi, ya pili ni ya kutunzia video za mihadhara. Jioni moja wahusika wakaichomoa ile ya pili, ikahitajika kwenye mashine nyingine. Asubuhi mashine haiwaki. Inakaa, inahesabu sekunde, halafu inatoa maandishi na kuomba nywila ya msimamizi. Akaitwa mtaalamu. Akaangalia kama nusu dakika, akasema mfumo umekufa. Akapiga upya, diski nzima. Dada mmoja wa mwaka wa tatu alikuwa ameingiza humo madodoso ya utafiti wake kwa wiki tatu. Kwenye flashi alikuwa na toleo la wiki ya kwanza tu. Zilizobaki zimekwenda.

Najua mtasema angetunza nakala. Ni kweli, na kila mtu atunze nakala. Lakini hilo halimpi mtu mwingine ruhusa ya kufuta kazi yake bila sababu. Na sababu haikuwepo! Mshikaji mmoja alikuwa amepiga picha kile kioo kwa simu, na mimi nimeiona. Yalikuwa maneno ya Kiingereza chepesi kabisa: "Timed out waiting for device", halafu "Dependency failed for /data", halafu "Dependency failed for Local File Systems", mwisho "You are in emergency mode". Yaani: nimesubiri kifaa mpaka muda umeisha; anayekitegemea ameshindwa; anayemtegemea huyo naye ameshindwa; sasa niko kwenye hali ya dharura, njoo unisaidie. Mashine imejieleza kuliko wengi wetu tunavyojieleza kwenye mtihani wa mdomo. Mfumo haukuwa umekufa. Ulikuwa unasubiri diski ambayo watu wenyewe waliichomoa.

Sasa tuisome picha hiyo pamoja, maana ndani yake kuna somo zima.

Kwenye Linux kuna faili linaitwa /etc/fstab. Ni orodha ya diski na mahali pa kuzipachika. Ile diski ya pili ilikuwa imeandikwa humo kwa namba yake ya utambulisho, kwamba ipachikwe kwenye /data. Mashine ikiwaka, kerneli ikiona kifaa inatangaza tukio: kuna kifaa kipya hapa. Tangazo hilo linapokelewa na programu inayoitwa udev. Udev inapitia sheria zake, ambazo ni mafaili ya maandishi tu yaliyopangwa kwa namba na majina, inakipa kifaa ruhusa na majina ya ziada. Jina kama /dev/disk/by-uuid/ na namba zile ndefu ni kazi ya udev. Ikimaliza, mchakato namba 1, ambao kwenye Ubuntu, Debian na Fedora ni systemd, unajua kifaa kiko tayari, na ndipo anayekitegemea anaruhusiwa kuendelea.

Diski haipo, kwa hiyo tangazo halikuja. Systemd inasubiri sekunde 90, ndio muda wake wa kawaida. Hakuna kitu. Basi kupachika /data kunashindikana. Na kwa kuwa mstari ule wa fstab haukusema kwamba diski hiyo si ya lazima, hatua nzima ya kupachika diski za ndani inahesabiwa imeshindwa, na mashine inaingia hali ya dharura. Tiba yake? Unaandika nywila ya msimamizi. Ikibidi unaruhusu diski kuu iandikike kwa mount -o remount,rw /. Unafungua /etc/fstab, unaweka alama ya # mwanzoni mwa mstari ule, au unaongeza neno moja, nofail. Unawasha upya. Dakika tano, na hakuna hata faili moja lililoguswa.

Dakika tano dhidi ya wiki tatu za dada wa watu. Ndo maana nimekasirika.

Sasa kuna wale watakaoruka juu: "Unaona! Tatizo ni systemd! Zamani mambo yalikuwa rahisi!" Nyie nawajua, tunakaa vimbweta vimoja. Naomba tuelewane hapa, maana ugomvi huu una historia na wengi wanaupigia kelele kwa kusikia tu.

Unix ilianza Bell Labs mwaka 1969, na tangu siku zile kifaa huonekana kama faili ndani ya /dev. Kwenye Linux ya zamani, folda hiyo ilijaa mafaili ya vifaa visivyokuwepo, kwa sababu tu huenda siku moja ungevichomeka. Mwaka 2000 ikaja devfs, ndani ya kerneli, ikitengeneza majina yenyewe. Haikudumu. Mwaka 2003 Greg Kroah-Hartman akaeleza udev kwenye kongamano la Linux la Ottawa: kerneli itangaze tu, majina na ruhusa viamuliwe nje ya kerneli na programu ya kawaida. Mwaka 2009 kerneli 2.6.32 ikaja na devtmpfs, kwa hiyo faili la msingi la kifaa sasa hutengenezwa na kerneli yenyewe, udev inabaki na ruhusa, majina ya ziada na kuwaarifu wengine. Mwaka 2010 Lennart Poettering akatangaza systemd, na mwaka 2012 udev ikaingizwa ndani ya mradi wa systemd.

Hapo ndipo moto ulipowaka. Watu wakauliza, kwa nini programu ya kushughulikia vifaa ikae nyumba moja na mchakato namba 1? Kesho si itashindwa kuishi peke yake? Ni swali halali kabisa, na mimi nakubaliana nao kwamba utegemezi wa namna hii ni wa kuogopwa. Libudev inahitajika na libinput, na libinput ndiyo inayosoma kipanya na kibodi kwenye madirisha mengi ya Linux. Aliyeshika udev ameshika mambo mengi. Lakini angalieni waliopinga kwa dhati walifanya nini. Waendelezaji wa Gentoo mwisho wa 2012 walitengeneza tawi lao, eudev, linaloweza kuishi bila systemd. Gentoo walipoachana nalo, wengine wakalichukua wakaliendeleza. Wengine waliondoka Debian mwaka 2014 wakaanzisha Devuan. BusyBox nao wana mdev, kijitu kidogo kinachotosha kwenye vifaa vidogo. Hao wana haki ya kulalamika, kwa sababu wanajua wanachokilalamikia na wamekifanyia kazi.

Wewe wa kimbwetani je? Nikikuuliza mchakato namba 1 unafanya nini mpaka kuwe na ugomvi juu yake, unajibu nini? Juzi nimemuuliza kaka mmoja mpiga kelele mkubwa wa hii habari, akaniambia "ndo ile ya kuwashia." Ya kuwashia! Basi hata ufunguo wa pikipiki ni wa kuwashia.

Haya, tuanzie chini. Kwenye Unix mchakato hauzuki kutoka hewani, kila mmoja una mzazi. Ukiandika ls ukabonyeza Enter, sheli yako inaita fork: inajinakili. Sasa kuna michakato miwili inayofanana, mzazi na mtoto. Fork inarudisha jibu mara mbili: kwa mzazi inarudisha namba ya mtoto, kwa mtoto inarudisha 0, na hivyo ndivyo kila mmoja anavyojua yeye ni nani. Mtoto kisha anaita exec, anavua programu ya sheli na kuvaa programu ya ls, lakini namba yake inabaki ile ile. Mzazi anaita wait, anasubiri matokeo. Mtoto anarithi mafaili yaliyo wazi, anarithi folda aliyosimama mzazi, anarithi mazingira yake. Ukielewa hayo tu, nusu ya "maajabu" ya Linux yanakwisha.

Mfano. Umechomeka flashi, umemaliza, unataka kuichopoa kistaarabu, mashine inasema "target is busy". Wengi wetu tunachomoa kwa nguvu, halafu kesho tunalia faili limeharibika. Data nyingine ilikuwa bado kwenye kumbukumbu, haijaandikwa kwenye flashi. Lakini anayejua kwamba mchakato unashikilia folda uliyosimama ataandika fuser -vm na njia ya flashi, aone ni nani. Mara nyingi ni sheli yake mwenyewe, aliingia ndani ya flashi kwa cd akasahau kutoka. Anatoka, anachopoa, kwisha.

Mfano mwingine, zombi. Mtoto akimaliza kazi, kerneli inatunza jina lake na matokeo yake mpaka mzazi ayachukue. Mzazi mzembe asipoita wait, mtoto anabaki kwenye orodha na herufi Z. Ni kama mwanafunzi aliyehama shule lakini jina bado liko kwenye daftari la mahudhurio. Nimeona watu wanampiga zombi kill -9 mara kumi! Ameshakufa huyo, utamuua mara ngapi? Mtafute mzazi. Mzazi akifa, zombi anahamia kwa mlezi, na mlezi wa mwisho wa yatima wote ni nani? Mchakato namba 1. Anawachukua, anaita wait, majina yanafutwa. Sasa umeona kwa nini watu wenye akili zao waligombana kuhusu nani akae kwenye hiyo namba 1 na abebe majukumu mangapi? Ukiuangusha, kerneli nzima inasimama.

Na kuna herufi D. Mchakato wenye D unasubiri kifaa, labda diski mbovu, na hata kill -9 haitafanya kazi mpaka kifaa kijibu. Mtu asiyejua atasema Linux imeganda, atazima kwenye soketi. Anayejua ataanza kuitilia shaka diski na kunakili kazi za watu mapema.

Vifaa na michakato vinakutana hapa. Ukitaka flashi ikichomekwa tu mashine inakili mafaili yenyewe, unaandika sheria ya udev yenye RUN na skripti yako. Mafaili madogo yanapita, makubwa yanakatika katikati. Utasema Linux mbovu? Skripti yako ni mchakato ulioanzishwa na udev kwa ajili ya tukio moja. Udev ikimaliza tukio hilo inaua kila kilichobaki, hata kama umejitahidi kukificha nyuma ya pazia. Imeandikwa wazi kwenye mwongozo wake. Kazi ndefu inatakiwa ipelekwe kwa systemd kama huduma, sheria ya udev iseme tu kwamba kifaa hiki kikija, huduma ile inahitajika. Ukijua mzazi wa mchakato wako ni nani, hili linaeleweka kwa dakika moja. Usipojua, unaweza kubandika madesa ya mtandaoni mwaka mzima.

Hata neno lenyewe utegemezi tunalichanganya. Kwenye systemd, Requires ni kusema namhitaji fulani. After ni kusema nianze baada yake. Ni vitu viwili! Ukiandika Requires peke yake, wote wawili wanaweza kuanzishwa kwa pamoja, na wewe ukashangaa huduma imetangulia kifaa. Ni sawa na chuo kukwambia lazima usajili kozi mbili muhula mmoja. Haijakwambia ipi iko saa mbili asubuhi, hilo ni la ratiba.

Narudi kwetu walimu, maana najua kuna mwenzangu anasema: "Dada, mimi naenda kufundisha kidato cha pili kuchapa barua na kutengeneza jedwali. Fork ya nini?" Nakujibu kwa heshima. Shule unayokwenda ina mashine chache, huenda nyingine ni za msaada na zina Linux, na fundi yuko mjini, nauli na posho juu yako. Siku mashine ikigoma, mtaalamu wa pale ni wewe. Wanafunzi wako wataangalia unafanya nini. Ukifuta kila kitu, umewafundisha kwamba kompyuta ni mzimu, ukikasirika unafukuzwa kwa format. Ukikaa chini ukasoma mstari wa kwanza ulioshindwa, ukauliza nani anamtegemea nani, umewafundisha kufikiri, na hilo litawafaa hata kwenye Fizikia.

Mwalimu Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 alitaka shule zijenge akili ya kudadisi. Tunaijibu kwenye mitihani, tunapata alama zetu, halafu tunaingia maabara na kukariri vitufe. Kozi inayonifundisha kubonyeza hapa kisha pale inanifanya mtegemezi wa hicho kitufe, kikihamishwa toleo lijalo nimekwisha. Fork ipo tangu miaka ya mwanzo ya Unix na bado inafanya kazi ile ile. Kipi kina faida zaidi kufundishwa?

Sisemi kufomati ni haramu. Diski imeoza kabisa, au mashine imevamiwa, sawa, piga upya. Lakini kabla ya hapo nataka tukubaliane mambo machache, na tudaiane hapa hapa chuoni. Soma kioo, au kipige picha. Linganisha /etc/fstab na kile lsblk inachokuonyesha. Andika journalctl -b usome ilipoanza kuharibika, sio ilipoishia. Ukishindwa kabisa, washa mashine kwa flashi yenye Linux, nakili kazi za watu kwanza, ndipo ufute. Mtu akikataa hata hili la mwisho, mnyime hiyo mashine. Nimesema.

Jumamosi saa nne asubuhi nitakuwa vimbweta vya nyuma ya maktaba na laptop yangu ya zamani. Tutachora mti wa michakato kwa pstree, tutachomeka flashi huku udevadm monitor ikituonyesha matangazo yanavyopita, na tutaharibu fstab makusudi halafu tuitengeneze. Njooni na daftari, karanga nitaleta mimi. Wale wa "systemd ni shetani" nanyi karibuni sana, ila mje mmejiandaa kueleza wait.

Habari za kantini wiki ijayo, naahidi. Alamsiki.